Kushoto, Geuka

Miaka kumi na tisa nilipuliza filimbi
katika kiwanja cha shule, Matema,
milima ya Livingstone ikitukalia shingoni,
ziwa likituchungulia kati ya michikichi.
Wanafunzi mia tatu na ushei, peku,
mchanga mpaka kwenye kope.
Nikisema kushoto, geuka,
wanageuka.
Isipokuwa mmoja.

Subilaga, darasa la tano, safu ya tatu.
Si kwamba hakugeuka. Aligeuka nyuma ya wenzake
kwa muda wa kupepesa jicho,
kama mtu aliyeitikia salamu
baada ya msalimu kwisha kupita.
Unaangalizia, wewe, nilimwambia.
Unamtazama Anyosisye begani, filimbi huisikilizi.
Nikampa kuzunguka kiwanja mara sita,
wenzake wakimhesabia kwa sauti,
naye akisoma hesabu kwenye midomo yao.

Kwenye midomo yao.
Hilo nililiona, wala sikuliona.

Juzi boti ya Jumamosi ilizimika karibu na Ikombe,
imejaa vyungu vya Wakisi, kila chungu na nyasi zake.
Fundi akaja kwa mtumbwi,
mtu mzima, ndevu, spana mfukoni mwa koti.
Hakuuliza mashine ilikuwa ikiliaje.
Aliweka kiganja juu yake, akafumba macho,
akaniashiria nivute kamba.
Vuta. Tena.
Kiganja kikasikia.

"Mwalimu," akasema,
kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia,
kisha akanyoosha kidole majini.

Usipa.
Nilijaribu kuwahesabu kwa safu
nikashindwa, maana safu haikuwapo.
Kila mmoja na nafasi yake,
si ya kugusana, si ya kuachana,
kama wanawake wa jikoni msibani
wanaopishana na masufuria ya moto
na tone halimwagiki.

Mbasa akatoka gizani.
Ukingo mmoja ukapinda,
watano tu, labda sita,
na mpindo ukasafiri ubavu kwa ubavu
kumpita mbasa mwenyewe kwa mbio,
mpaka kundi zima likawa fedha,
likawa giza,
likawa fedha tena, upande wa pili wa boti.

Nilimtafuta kiranja. Mazoea.
Nilimtafuta wa mbele, yule wa kupigiwa mfano,
lakini walipogeuka wa mbele akawa wa mwisho
na hakuna aliyeenda kushtaki.

Subilaga akagusa jicho lake.
Kisha kwa kidole chenye grisi
akachora mstari kwenye shati langu jeupe,
toka kwapani hadi kiunoni.
"Wana huu," akasema. "Maji yakisukumwa, ubavu unajua.
Kundi lote hawalioni, Mwalimu.
Kila mmoja anao jirani zake wachache,
anawashika hao hao."

Matumbwitumbwi, darasa la tatu.
Sikio la kulia, kisha wiki ile ile la kushoto.
Mama yake alimkataza kusema
asije akarudishwa nyumbani.

Nilipanua mdomo ili anisome:
Anyosisye yuko wapi siku hizi?
"Uyole. Anauza mchele." Akacheka.
"Amenenepa. Siku hizi bega lake
hata wewe ungeliona."

Sikujua niseme nini. Nilisema pole,
na sijui kama aliiona,
maana alikuwa ameinama kuokota spana.

Alipokanyaga ukingo kurudi kwenye mtumbwi wake
boti ikalala upande.
Hakuna aliyetoa amri.
Mama Sekela akasogea na chungu chake mapajani,
wa pembeni yake akasogea,
na wa pembeni ya huyo,
nami nikasogea.
Nilichelewa kidogo.
Nilikuwa namtazama mwenzangu begani.